Mteremko Mmoja, Udongo Mara Nne

Ukishuka kwa miguu mteremko wa kawaida wa Usukumani, kutoka kwenye majabali ya matale juu ya kilima mpaka bondeni, utavuka angalau aina nne za udongo kabla hujachoka. Karibu na majabali kuna luseni, mchanga mwepesi usiotuamisha maji, ambamo wakulima hupanda mihogo, karanga na njugu mawe. Chini yake huanza itogolo, udongo wa kijivujivu wenye tabaka gumu linalozuia maji kuzama, na maeneo ya namna hiyo hufaa kwa majaluba ya mpunga. Kuna mahali mteremko hukatizwa na ibambasi, ardhi iliyoshupaa kwa magadi kiasi kwamba hata nyasi huota kwa shida. Mwisho kabisa ni mbuga, mfinyanzi mweusi unaonata masika na kupasuka kiangazi. Majina hayo hayakutoka maabara. Wasukuma waliyatumia kuamua nini kipandwe wapi kabla ya mtaalamu yeyote wa udongo kufika kwao, na ndani yake mna elimu kamili: maji yanapita wapi, jembe litaingia lini, na mwaka wa mvua haba ni shamba gani litakaloiokoa nyumba.

Katika miaka ya 1930, mkemia Mwingereza aitwaye Geoffrey Milne, wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani kwenye milima ya Usambara, alibeba kazi ya kuchora ramani ya udongo wa Afrika Mashariki. Kazi hiyo ilikuwa na kikwazo kikubwa. Kwenye ramani ya eneo pana hivyo huna nafasi ya kuonyesha udongo unaobadilika kila baada ya mita mia chache. Milne alitambua kwamba mabadiliko hayo yana utaratibu, na kwamba yanajirudia kilima hadi kilima. Udongo wa bondeni ni vile ulivyo kwa sababu ya udongo wa juu yake: maji ya mvua huchukua chembe laini na chumvi kutoka mgongoni mwa kilima, huzipitisha katikati, huzilaza chini. Kwa hiyo mteremko mzima unapaswa kuhesabiwa kuwa kitu kimoja, na mwaka 1935 alikipa kitu hicho jina la katena. Wazo lililozaliwa kwenye vilima vyetu leo linafundishwa katika vyuo vya kilimo duniani kote. Ninaloona katika kisa hiki ni kwamba mkulima na mkemia walifika mahali pamoja kwa njia moja, yaani kwa kuuangalia udongo kwa makini kama kitu chenye sura. Ndiyo sababu ninashikilia kwamba uzuri wa udongo na sayansi yake havitengani. Rangi yake, harufu yake, nyufa zake na jinsi unavyoitika kidoleni ndivyo vitu vinavyompendeza mtu, na ndivyo hivyo hivyo vinavyompa habari. Anayeuona udongo kuwa uchafu tu hakosi burudani peke yake, hukosa na maarifa, na historia ya nchi zetu inaonyesha hasara hiyo huwa kubwa kiasi gani.

Tuanze na rangi, kwa kuwa ndiyo inayoonekana kwanza. Rangi nyingi za udongo wetu ni kazi ya chuma. Mwamba unapochakaa kwa mvua na joto, chuma kilichofungwa ndani ya madini yake hutoka, hukutana na hewa na kushika kutu. Penye udongo unaopitisha maji vizuri, na wenye vipindi vya joto na ukavu, kutu hiyo huwa hematiti, na chembe zake ndogo mno hupaka kila punje rangi nyekundu. Hiyo ndiyo rangi ya barabara za vumbi za Kiambu na ya miteremko ya Kilimanjaro, ile inayotia shati jeupe doa lisilotoka. Penye unyevu wa kudumu zaidi hutokea aina nyingine ya kutu, gothiti, na udongo ukawa wa njano au kahawia. Na pale maji yanapotuama kwa miezi mingi, hewa hukosekana. Bakteria wa udongoni, wakihitaji kupumua, huitumia hiyo kutu badala ya oksijeni, chuma kikayeyuka na kuchukuliwa na maji, na udongo ukabaki kijivu, pengine wa kibuluu. Ukichimba ukakuta kijivu chenye mabaka ya rangi ya machungwa, umeshaambiwa kwamba maji hupanda hadi hapo msimu mmoja na kushuka msimu mwingine, hata kama siku hiyo shimo ni kavu kabisa. Mchimba choo, fundi wa msingi na mpanda parachichi wote wanaihitaji habari hiyo, nayo imeandikwa kwa rangi bila gharama yoyote.

Inafaa kujua kwamba sayansi yenyewe ilipotaka kipimo cha rangi ilikwenda kwa msanii. Kitabu chenye vipande vya rangi ambacho wataalamu wa udongo hukibeba shambani kimetokana na mfumo wa Albert Munsell, mchoraji na mwalimu wa sanaa wa Marekani aliyefanya kazi yake mwanzoni mwa karne ya 20. Na mbali sana kabla yake, wachoraji wa kale wa Kondoa walitumia udongo wenye kutu ya chuma kuchora watu na wanyama kwenye miamba. Michoro hiyo nyekundu iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Imedumu kwa sababu hiyo hiyo inayolifanya doa la shati lisitoke: kutu ya chuma haiyeyuki kirahisi katika maji yenye hewa.

Udongo mweusi wa mbuga nao unastahili kutazamwa kwa karibu, kwa kuwa hakuna udongo wenye tabia za wazi kuliko huo. Chukua donge lake lenye unyevu, ulivingirishe kati ya viganja. Litakubali kuwa uzi mwembamba, utaukunja duara na hautakatika. Udongo wa kichanga ungekwaruza vidole na kumwagika, na ule wenye chembe za kati ungeteleza mkavu kati ya vidole kama unga wa ngano. Mfinyanzi wa mbuga una madini yenye matabaka membamba yanayopokea maji katikati yake na kuvimba, kisha hukauka na kusinyaa. Kiangazi ardhi hupasuka nyufa zinazoingiza mkono mzima, nyingine zikishuka karibu mita moja. Chembe za juu hudondokea humo. Mvua zinaporudi, udongo huvimba, nyufa hutaka kufumba lakini zimeshajaa, na msukumo huo huinua ardhi na kuigeuza taratibu, mwaka baada ya mwaka, bila jembe. Ukichimba shimo utakutana na nyuso zilizosuguana mpaka zikang'aa, zenye mistari ya kuonyesha upande ambao bonge moja liliteleza juu ya jingine. Sijui kama kuna ushahidi mzuri kuliko huo wa kumthibitishia mtu kwamba ardhi anayoikanyaga haijatulia.

Tabia hiyo ina matokeo mezani na mfukoni. Udongo huo huo unaoshika maji na kuyazuia yasizame ndio uliowezesha mashamba ya mpunga ya Mwea nchini Kenya. Lakini upande wa kusini na mashariki wa Nairobi, kuelekea nyanda za Athi, mjenzi anayeweka msingi juu yake bila kuuondoa huona kuta zikipasuka baada ya misimu michache, na nguzo za uzio zikilala. Ndiyo maana mafundi huko huuchimba wote mpaka wafikie mwamba, au waweke moramu mahali pake. Weusi wake nao umewadanganya wengi wakadhani kila udongo mweusi umejaa mboji. Mara nyingi mbuga ina mboji kidogo tu, ila imeshikamana na mfinyanzi kwa namna inayoitia giza. Hapo jicho pekee halitoshi, na nitarudi kwenye jambo hilo.

Kisha kuna harufu. Ile harufu ya mvua ya kwanza baada ya kiangazi, ambayo kila mtu wa pande hizi huijua na hakuna anayehitaji kuelezwa kwamba ni nzuri, kwa sehemu kubwa hutoka kwa bakteria wa jamii iitwayo Streptomyces, wanaotengeneza kemikali iitwayo jeosmini. Matone ya mvua yanapopiga ardhi kavu huirusha hewani. Pua ya binadamu huitambua hata ikiwa ni sehemu chache tu katika trilioni, kiwango ambacho vyombo vingi vya maabara huhangaika nacho. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba harufu hiyo huwavuta wadudu wadogo wa udongoni wasio na mabawa, ambao hula bakteria hao na kusambaza mbegu zao za uzazi. Kwa hiyo kinachotupendeza sisi ni ujumbe uliotumwa kwa wengine.

Na bakteria hao hao wametuokoa. Mwaka 1943, Albert Schatz, akifanya kazi katika maabara ya Selman Waksman huko New Jersey, alipata kutoka kwa Streptomyces dawa ya streptomaisini, ya kwanza iliyoweza kutibu kifua kikuu. Katika miaka ya 1970, Satoshi Ōmura wa Japani alichota udongo Kawana, katika mji wa Ito, akapata ndani yake bakteria mwingine wa jamii hiyo, na kutokana naye ikatengenezwa ivermektini. Ōmura na William Campbell walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Watu wa pwani ya Tanzania waliomeza vidonge vya kampeni za kuzuia matende na mabusha, na wale wa maeneo ya usubi walioepushwa na upofu, wamemeza dawa iliyotokana na udongo. Gramu moja ya udongo wenye afya inaweza kuwa na bakteria wanaofikia bilioni moja, na makadirio yaliyochapishwa mwaka 2023 yanasema zaidi ya nusu ya aina zote za viumbe duniani huishi udongoni. Sehemu kubwa ya hao hawajawahi kuchunguzwa. Tunapoacha udongo wa juu uchukuliwe na mafuriko hatupotezi mbolea tu.

Hata uzuri tunaouuza kwa watalii una mzizi humo. Nyanda za nyasi fupi za kusini mashariki mwa Serengeti, zilizo wazi mpaka macho yachoke, hazikosi miti kwa bahati. Majivu ya volkano za jirani, Kerimasi na Ol Doinyo Lengai miongoni mwake, yalitua pale yakiwa na kalsiamu nyingi, na mvua haba zikaigandisha kuwa tabaka gumu chini kidogo ya uso. Mizizi ya miti hushindwa kulipenya, nyasi zikabaki na uwanja wao. Nyasi hizo zina kalsiamu na fosforasi ambazo nyumbu mwenye kunyonyesha anazihitaji, na huko ndiko nyumbu huenda kuzalia mwanzoni mwa mwaka. Picha inayotundikwa ukutani London au Berlin, ukiifuatilia sababu zake, inaishia kwenye jivu na tabaka la chokaa.

Sasa tuangalie hasara. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza, ikiwa na njaa ya mafuta ya kupikia baada ya vita, ilimtuma John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, aongoze ujumbe wa kutafuta ardhi ya kulima karanga kwa mashine. Ujumbe ulizunguka kwa takriban wiki tisa, maeneo mengine wakiyatazama kutoka kwenye ndege, kisha ukapendekeza kulimwa zaidi ya ekari milioni tatu, nyingi zikiwa Tanganyika. Kazi ilianzia Kongwa, Ugogoni, mwaka 1947. Wengi wanakumbuka mibuyu iliyoshinda matingatinga na mvua zilizokataa kunyesha. Lakini kilichoua mradi Kongwa kilikuwa pia chini ya miguu. Udongo wake ulikuwa na mchanga mkali wa kwatzi uliosaga majembe ya matrekta mpaka yakaisha, pamoja na mfinyanzi uliokauka na kuwa mgumu mara baada ya mvua. Kwa zao jingine hilo lingekuwa tatizo la kulima tu. Karanga ni habari nyingine. Ua lake likishachavuka hutoa kikonyo kinachoinama na kujichomeka ardhini, na ganda hukua humo. Uso wa ardhi ukishupaa, kikonyo hakiingii, na maganda yaliyofanikiwa kukua hayang'oki, hubaki ardhini mche ukivutwa. Yaani ulichaguliwa mmea unaohitaji udongo laini kuliko karibu mazao yote, ukapelekwa kwenye udongo unaokataa kuwa laini. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, pamoja na paundi milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza.

Itasemwa kwamba haraka ya kisiasa, mashine chakavu na ukame vilitosha kuuangusha mradi huo hata kama udongo ungekuwa mwema. Ni kweli vilichangia, na hakuna mwanahistoria makini anayeweka lawama mahali pamoja. Lakini haraka hiyo ilitokana na dhana kwamba ardhi ni ardhi, ikitazamwa kutoka juu na kuhesabiwa kwa ekari, na dhana hiyo ilikuwa imeshakanushwa. Ramani ya Milne ilikuwapo tangu mwaka 1936. Taarifa ya safari yake ndefu ya kuchunguza udongo wa Tanganyika, ya Desemba 1935 hadi Februari 1936, ilichapishwa mwaka 1947, mwaka ule ule matingatinga yalipoanza kazi Kongwa. Milne mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 1942. Elimu ya kwamba udongo wa nchi hii hubadilika kwa hatua chache, na kwamba lazima ushuke, uchimbe na ushike, ilikuwa imepatikana humu humu ndani. Kilichokosekana ni mtu mwenye madaraka wa kuiheshimu.

Uluguru inatoa somo la namna nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 utawala wa kikoloni uliwalazimisha Waluguru kukata matuta ya ngazi kwenye miteremko mikali ya milima yao. Nia ilikuwa kuzuia mmomonyoko, na ngazi hizo machoni zinapendeza. Lakini kuchimba ngazi kwenye udongo mwembamba wa mlimani hufukia tabaka la juu lenye rutuba na kulileta juu lile la chini lisilo na kitu, na mvua kubwa zinaweza kuziporomosha ngazi zote. Watu walitoa jasho kwa mavuno madogo. Mwaka 1955 upinzani uligeuka ghasia, mtu mmoja akauawa kwa risasi, na mpango ukaachwa. Waliotoa amri walikuwa wameona uzuri wa mistari kwenye kilima wakasahau kuuliza kilichomo ndani ya kilima.

Kisa hicho kinaleta pingamizi ambalo ningelitoa mimi mwenyewe kama ningekuwa upande wa pili: uzuri ni anasa, mwenye njaa hauhitaji, na wale wanaousifu udongo aghalabu si wao wanaoinama kuulima. Jibu langu liko Mbinga. Kwenye milima ya huko Wamatengo wamelima ngoro kwa zaidi ya karne moja. Mvua zinapokaribia kwisha, wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa mistari inayokatizana, zikifanya miraba kwenye mteremko mzima. Wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuzifukia nyasi kwa udongo huo, mpaka kila mraba unabaki shimo lililozungukwa na tuta. Maharage hupandwa juu ya matuta, na msimu unaofuata mahindi. Mvua kubwa ikija, maji hujaa kwenye mashimo badala ya kukimbia, hutua na tope lake, na nyasi zilizofukiwa huoza na kuwa mboji pale pale mizizi ilipo. Mtu akisimama upande wa pili wa bonde huona kilima kimefumwa chote, na hatakosea akisema ni moja ya sura nzuri kuliko zote Tanzania. Hakuna aliyeifanya kwa ajili ya mtazamaji. Ulinganifu wake ni kipimo: tuta likibomoka mahali, mraba wa chini yake hujaa na kuvunja wa chini zaidi, kwa hiyo shamba lisilo nadhifu ni shamba linalokufa. Hapo anayetafuta chakula ndiye aliyelazimika kuwa na jicho kali kuliko wote.

Machakos, nchini Kenya, inaongeza uzito. Mwaka 1937 ofisa wa hifadhi ya udongo Colin Maher aliieleza nchi ya Wakamba kwa lugha ya kukatisha tamaa, vilima vimevuliwa nguo na makorongo yanatafuna malisho. Wengi waliamini kwamba watu wakiongezeka kidogo tu, wilaya hiyo itageuka jangwa. Watu waliongezeka zaidi ya mara tano kati ya miaka ya 1930 na mwishoni mwa miaka ya 1980, na hali ikawa kinyume: miteremko ilijaa matuta, miti ikarudi, mavuno kwa kila mtu yakapanda. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki waliichunguza habari hiyo na kuichapisha kitabuni mwaka 1994. Matuta ya kulazimishwa enzi ya ukoloni yalichukiwa na mengi yakaachwa, lakini wakulima wenyewe, wanawake wa mwethya, vikundi vya kufanya kazi kwa pamoja, wakiwa mbele, walirudi na kueneza lile la fanya juu, ambalo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu na ngazi ikajijenga yenyewe polepole kadiri mvua zinavyoleta tope. Angalia tofauti na Uluguru. Fanya juu haiugeuzi udongo juu chini kwa msimu mmoja, inauacha ujipange. Soko la Nairobi lililokuwa karibu lilisaidia sana, na si kila wilaya ina Nairobi jirani. Hata hivyo soko halichimbi mtaro mahali panapofaa. Hilo linataka mtu anayeijua ardhi yake.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, kwamba uzuri hudanganya. Nimeshalikubali kuhusu weusi wa mbuga, na kuhusu wekundu linauma zaidi. Udongo mwekundu wa sehemu zenye mvua nyingi hupendeza na huonekana umeshiba, ilhali kutu ile ile inayoutia rangi hukamata fosforasi na kuifunga hata mmea usiipate. Mkulima hutia mbolea na mahindi yakabaki na majani ya zambarau, dalili ya njaa ya fosforasi. Kondoa nako, makorongo mekundu yanayopigwa picha na wageni ni jeraha. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa kwenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Nyasi na miti vilirudi, lakini wafugaji walibeba gharama kubwa. Wachunguzi wa baadaye walikuta kwamba sehemu ya mmomonyoko ule ilianza maelfu ya miaka iliyopita, kwa hiyo hata lawama zote kwa ng'ombe hazikuwa haki.

Lakini mifano hii inakosoa utazamaji wa juu juu. Mwenye kujua kwamba wekundu ni kutu atasoma habari mbili katika rangi moja: maji hayatuami hapa, na fosforasi inaweza kufungwa hapa. Atajua kwamba samadi na mboji hupunguza ufungwaji huo, na kwamba unga wa mawe ya fosfati ya Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, huyeyuka vizuri zaidi kwenye udongo wenye tindikali. Atalitazama korongo la Kondoa aone kwenye kuta zake tabaka la kahawia likikaa juu ya jekundu, atambue kilichokuwa kikilimwa na kiasi kilichokwenda. Uzuri usiosomwa hudanganya, kama ambavyo takwimu zisizosomwa hudanganya, na hatujawahi kuacha takwimu kwa sababu hiyo.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi kuna maabara na setilaiti, kwa hiyo mambo ya kufikicha udongo vidoleni yamepitwa. Maabara ni ya lazima. Hakuna jicho linaloona upungufu wa zinki wala kupima tindikali, na kituo cha TARI Mlingano huko Tanga kimejenga hazina ya utafiti wa udongo wa Tanzania ambayo wakulima wengi hawajaifaidi. Ila maabara hujibu kuhusu kilichoingizwa kwenye mfuko wa sampuli. Mtu akichota kijiko cha luseni, kijiko cha itogolo na kijiko cha mbuga, akavichanganya na kuvipeleka kama udongo wa shamba langu, atarudishiwa vipimo sahihi vya udongo ambao haupo popote duniani, na mbolea atakayoshauriwa haitafaa kona yoyote ya shamba. Setilaiti nayo huona uso, na uso ukiwa umefunikwa na majani huona majani. Kabla ya sampuli lazima aje mtu anayeuona mteremko na kusema mipaka iko wapi. Hiyo ndiyo kazi waliyoifanya Wasukuma kwa majina manne, na ndiyo aliyoifanya Milne.

Kwa hiyo linalohitajika kwanza ni dogo kuliko mradi. Inaweza kuchukua mamia ya miaka kwa mwamba kutoa sentimita moja ya udongo, na bado mwanafunzi anaweza kumaliza kidato cha nne akiwa amekariri majina ya aina za udongo bila kusimama ndani ya shimo lililoonyesha hata mojawapo. Kila shule yenye bustani ingeweza kuchimba shimo la mita moja na nusu, upande mmoja ukiwa wima na kuelekea jua la asubuhi, na kuwekewa uzio mtoto asitumbukie. Ukuta usafishwe kwa kisu kutoka juu kwenda chini. Wanafunzi waandike rangi ya kila tabaka likiwa bichi, kwa kuwa likikauka hubadilika. Wafikiche, wanuse, watafute mabaka ya machungwa, wahesabu mizizi inafika wapi na kuuliza kwa nini imeishia hapo. Kisha wachimbe la pili chini ya mteremko na kulinganisha. Tarehe 5 Desemba, ambayo Umoja wa Mataifa umeitenga kuwa Siku ya Udongo Duniani, huangukia kipindi ambacho sehemu nyingi za Afrika Mashariki udongo umeshalowa na jembe linaingia bila taabu. Udongo unaotoka shimoni uwekwe mafungu mawili, wa juu peke yake na wa chini peke yake, na kazi ikiisha shimo lifukiwe kwa wa chini kwanza.